Mfuko wa Zawadi Siku ya Kuzaliwa: Tuweke Nini Badala ya Plastiki?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya vyandarua, vyoo na maji safi. Leo nakuomba tuzungumze juu ya jambo la furaha: sherehe ya siku ya kuzaliwa ya mtoto mdogo, na hasa ule mfuko mdogo ambao kila mtoto mgeni hupewa anaporudi kwao.

Bila shaka unaujua mfuko huo. Ukienda Konyo Konyo, Custom au soko la Jebel utauona umening'inizwa. Ni wa nailoni, una picha ya keki au ya dubu. Ndani mna filimbi ya plastiki, pete, gari dogo ambalo magurudumu yake huchomoka siku hiyo hiyo, baluni mbili tatu (wengine huziita puto), na peremende ngumu za mviringo. Sisi tuliorudi kutoka Kakuma na kambi za Uganda tuliuzoea huko, tukaja nao. Siku hizi hata familia yenye mapato madogo huona kwamba sherehe bila mifuko hiyo haijakamilika.

Huenda unasema moyoni, "Shida zote hizi za Juba, na huyu anaandika habari za mifuko ya sherehe?" Una haki ya kuuliza. Nitakujibu kwa kukueleza yaliyotokea mbele ya macho yangu.

MIFUKO NILIYONUNUA MIMI MWENYEWE

Mwaka 2023 mtoto wa dada yangu alitimiza miaka 4. Sherehe tuliifanya uani, upande wa Gudele. Mimi kama mama mdogo nilijitolea kununua mifuko ya zawadi, nikanunua 12. Wakati huo nilikuwa tayari mhudumu wa afya wa kujitolea, na nilikuwa nimefundishwa mambo mengi. Lakini sikufikiria hata kidogo kwamba mafunzo yale yanahusu sherehe.

Watoto walifungua mifuko pale pale. Baluni moja ikapasuka, wote wakacheka. Mgeni mmoja alikuwa amekuja na mdogo wake wa miezi 14, amekaa mkekani. Mtoto huyo aliokota kipande cha baluni iliyopasuka akakitia mdomoni.

Hakulia. Hakupiga kelele yoyote. Mama yake alikuwa anaongea na wenzake karibu naye, akadhani mtoto amechoka. Nyanya mmoja ndiye aliyeona midomo inabadilika rangi, akapiga ukelele. Mwanamke mwingine akataka kumtia kidole kooni, mwingine akaja na kikombe cha maji. Nilimchukua mtoto, nikamlaza kifudifudi juu ya paja langu, kichwa kikielekea chini, nikampiga mgongoni katikati ya mabega. Pigo la nne lilitoa kipande cha mpira mwekundu, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kisha mtoto akalia, na sisi sote tukalia.

Siku tatu baadaye mvua ilinyesha. Nilipokwenda bombani kuteka maji nikakuta mtaro wa jirani umeziba na maji yamesambaa njiani. Nikachukua kijiti kuzibua. Katika takataka zile nilihesabu mifuko 5 yenye picha ya dubu. Ilikuwa mifuko yangu.

Ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza swali moja: kwa nini tunatumia pesa zetu chache kununua kitu kinachoweza kumkaba mtoto saa ile ile, na baada ya siku tatu kiko mtaroni?

SISEMI TUACHE SHEREHE

Kabla sijaendelea, tuelewane. Sisemi kwamba sherehe ya kuzaliwa ni upuuzi. Wazazi wetu wengi wameandikwa katika karatasi za ukimbizi kwamba walizaliwa tarehe 1 Januari. Si kwamba wote walizaliwa siku hiyo. Walizaliwa wakati wa vita au wakiwa safarini, hakuna aliyeandika tarehe, na karani wa kambi ilibidi aandike kitu. Leo mtoto wako ana kadi ya kliniki yenye tarehe yake ya kweli. Kuisherehekea tarehe hiyo ni jambo la heshima.

Tena katika nchi yetu ya Sudan Kusini, takriban mtoto 1 kati ya 10 hufariki kabla ya kutimiza miaka 5. Kwa hiyo mtoto anapofikisha miaka 3, 4 au 5, wazazi wana sababu ya kweli ya kumshukuru Mungu na kuita majirani. Ninachosema ni hiki tu: sherehe ya kushukuru kwamba mtoto yuko hai isiwe ndiyo inayomhatarisha mtoto wa jirani.

MADHARA YA MFUKO HUO

1. Kukabwa koo
Koo la mtoto mdogo ni jembamba, na mtoto wa chini ya miaka 3 hupeleka kila kitu mdomoni. Ndivyo anavyojifunza dunia. Gurudumu la gari dogo, pete, jicho la mwanasesere, kifuniko cha filimbi, vyote hivi vinaweza kuziba njia ya hewa.

Baluni ni mbaya zaidi. Kipande chake ni laini na kinanyumbulika, hivyo kikifika kooni hujitandaza kama kifuniko na kuzuia hewa yote. Nchini Marekani, ambako vifo vya aina hii huandikwa, baluni zimetajwa kwa miaka mingi kati ya vitu vya kuchezea vinavyoua watoto wengi zaidi kwa kukaba koo. Tangu sheria ya mwaka 1994, pakiti za baluni huko lazima ziandikwe onyo kwamba mtoto wa chini ya miaka 8 anaweza kukabwa na baluni ambayo haijapulizwa au iliyopasuka. Zinazouzwa sokoni kwetu mara nyingi hazina onyo lolote, au onyo limeandikwa kwa lugha ambayo mzazi hasomi.

2. Betri ndogo za duara
Vitu vya kuchezea vinavyowaka taa au kuimba vina betri ndogo inayong'aa, inayofanana na kifungo cha shati. Mtoto akiimeza na ikakwama kwenye umio, inaweza kuunguza nyama ya ndani katika muda wa saa 2. Usisubiri aende haja. Usimtapishe. Mpeleke hospitali mara moja na useme wazi kwamba amemeza betri.

3. Mitaro, mbu na moshi
Plastiki haileti kipindupindu yenyewe. Vimelea vya kipindupindu hutoka katika kinyesi cha mgonjwa. Lakini mtaro ukizibwa na mifuko, maji ya mvua hupanda, huingia vyooni, kisha hutembea na uchafu hadi kisimani na bombani. Wakazi wa Juba hatuhitaji kuelezwa kipindupindu ni nini. Kilitangazwa hapa Mei 2014, kikarudi 2015 na tena 2016. Oktoba 2024 mlipuko mwingine ulitangazwa nchini ukianzia Renk, na Juba nayo haikupona.

Maji yaliyotuama mtaroni ni mahali pa mbu kutaga. Hata kikombe cha plastiki kilichotupwa nyuma ya nyumba, kikijaa maji ya mvua, kinatosha kulea mbu wa aina ile inayoeneza homa ya manjano.

Na tukisema tuchome? Moshi wa plastiki una sumu, na anayeuvuta zaidi ni mtoto anayecheza karibu na shimo la takataka. Hivyo ukishanunua plastiki, huna namna nzuri ya kuiondoa. Namna iliyo bora ni kutoinunua.

Majirani zetu wameliona jambo hili. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda ikafuata 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Wale tuliokuwa Kakuma wakati ule tunakumbuka jinsi majuala yalivyotoweka madukani. Tulinung'unika wiki chache, kisha tukazoea kwenda sokoni na kikapu.

KIPIMO CHA KIFUNIKO CHA SODA

Sasa, utajuaje kama kitu fulani ni hatari kwa mtoto mdogo? Kuna kipimo rahisi. Wataalamu wa usalama wa vitu vya kuchezea hutumia kopo dogo lenye upana wa ndani wa karibu milimita 32. Kitu kinachoingia chote ndani ya kopo hilo hakimfai mtoto wa chini ya miaka 3.

Kopo hilo huna, lakini kifuniko cha bati cha soda ya chupa unacho, nacho kina upana wa karibu milimita 32. Weka kitu juu ya kifuniko. Kama kinaenea juu yake bila kuzidi ukingo, usimpe mtoto mdogo. Kitu cha mviringo kama mpira au gololi ni hatari zaidi kwa sababu huziba koo vizuri, kwa hiyo mpira uwe mkubwa zaidi ya sentimita 4 na nusu. Mimi hupendelea uwe mkubwa kuliko ngumi ya mtu mzima.

Halafu vuta kwa nguvu. Kama kuna kipande kinachochomoka, hesabu kwamba kimeshachomoka, kwa sababu mtoto atavuta zaidi yako. Mwisho, kumbuka kifuniko chenyewe ni kidogo na kina ncha kali. Ukimaliza kupima, kiweke mbali.

TUWEKE NINI BADALA YAKE?

Haya ni mambo ambayo mimi na akina mama wa mtaani kwetu tumeyajaribu. Si lazima uyafanye yote. Chagua moja linalolingana na mfuko wako na umri wa watoto.

(a) Chakula kinacholiwa hapo hapo
Zawadi bora kwa mtoto wa miaka 2 ni ile inayokwisha. Ndizi mbivu. Embe wakati wa msimu wake, limemenywa na kukatwa vipande virefu. Papai. Andazi lililopakwa siagi ya karanga kidogo, ile tunayoiita dakwa. Mtoto ale akiwa ameketi, si akikimbia, na mtu mzima awe anaangalia. Matunda yaoshwe kwa maji salama, na chakula kifunikwe, inzi wasikifikie. Maganda yatupwe shimoni, na baada ya muda yatakuwa mbolea.

(b) Kila mtoto aje na kikombe chake
Unapowaalika, waambie wazazi: "Mtoto aje na kikombe chake." Hapo huhitaji vikombe vya plastiki vya kutupa. Weka ndoo yenye bomba na sabuni mlangoni, watoto waoshe mikono na vikombe. Karkadeh au maji ya ukwaju yaliyotengenezwa kwa maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa yanatosha kabisa, na ni rahisi kuliko soda.

(c) Kipande cha sabuni
Usicheke. Nunua mche mmoja wa sabuni, ukate vipande vikubwa, kila kimoja ukifunge kwa kitambaa au gazeti, na umkabidhi mzazi wakati wa kuagana. Kisha wafundishe watoto mchezo huu: wimbo ule wa siku ya kuzaliwa, ukiimbwa mara mbili, huchukua karibu sekunde 20, na huo ndio muda unaotakiwa kunawa mikono kwa sabuni. Kwa hiyo wanaosha mikono huku wanaimba, na wanapomaliza kuimba mara ya pili wamemaliza kuosha. Mtoto wa dada yangu bado anaimba hivyo kila anapotoka chooni, ingawa siku yake ya kuzaliwa ilishapita zamani.

(d) Mpira wa matambara
Chukua soksi iliyochakaa au kipande cha fulana. Ijaze matambara, ifunge, kisha izungushie vipande virefu vya kitambaa ukikaza, na ushone mwisho kwa sindano ili visifunguke. Mafundi cherehani wa sokoni hutupa mabaki ya vitenge kila siku. Ukiwaomba vizuri watakupa bure au kwa bei ndogo. Mpira huu haupasuki, hauumizi kichwa cha mtu, na ukichafuka unafuliwa.

(e) Mwanasesere wa kitambaa
Akina mama wanaodarizi milaya wanaweza kumtengeneza kwa muda mfupi. Sharti ni moja: macho yadariziwe kwa uzi, yasiwe vifungo wala shanga. Kamba shingoni isiwepo.

(f) Ng'ombe wa udongo
Huu ni mchezo wa babu zetu. Katika vijiji vingi vya nchi hii watoto hufinyanga ng'ombe wa udongo, wakawapa pembe, wakawachunga mchana kutwa. Kwa watoto wa kuanzia miaka 4, andaa donge la udongo safi, si ule wa mtaroni, na kila mtoto afinyange ng'ombe wake. Hiyo ndiyo burudani ya sherehe, na ng'ombe huyo ndiye zawadi anayorudi nayo. Akivunjika, anarudi kuwa udongo. Walete wazee wawafundishe, utaona nao wanavyofurahi. Baada ya kucheza, mikono ioshwe.

(g) Mche wa mboga
Mzazi apewe mche wa papai, au mbegu kidogo za bamia au mrenda zilizofungwa katika karatasi. Mbegu akabidhiwe mtu mzima, si mtoto. Usitumie mbegu za dukani zilizotiwa dawa, ambazo huwa na rangi ya waridi au nyekundu, kwa sababu dawa hiyo ni sumu.

(h) Penseli au chaki kwa wakubwa
Kwa watoto wa miaka 5 na zaidi, penseli moja na karatasi chache zilizokunjwa na kushonwa kama kitabu ni zawadi ya maana. Ikiwa nyumbani kwao kuna mdogo, mwambie mzazi aiweke juu.

Na mfuko wenyewe? Mara nyingi hauhitajiki. Mtoto anaweza kubeba mpira mkononi. Ukitaka kufunga kitu kikavu, gazeti linatosha. Chakula usikifunge kwa gazeti, kwa sababu wino huhamia kwenye chakula. Kifunge kwa kitambaa safi au jani la mgomba lililooshwa. Fundi cherehani naye anaweza kushona vifuko vidogo vya kitenge ambavyo mama atatumia kuwekea chumvi au pesa.

KITU CHA ASILI NACHO CHAWEZA KUUA

Hapa nataka kukiri kosa la pili. Mwaka 2024, tulipoandaa sherehe iliyofuata, nilijivuna kwamba safari hii hakuna plastiki. Nikafunga karanga za kukaanga katika vipande vya kitenge. Muuguzi aliyetufundisha alipita nyumbani siku moja kabla, akafungua kimoja, akaniuliza, "Na yule wa miezi 14 sasa ana umri gani?" Nikamwambia amepita miaka 2. Akatikisa kichwa.

Karanga nzima ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka 5. Ni ngumu, ni laini kwa nje, na huteleza hadi kwenye mapafu. Bisi nazo zisipewe watoto wa chini ya miaka 4. Peremende ngumu za mviringo ni vivyo hivyo. Zabibu nzima na vipande vya muwa pia si salama kwa wadogo. Karanga zile nilizitwanga usiku huo zikawa dakwa, nasi tukaipaka kwenye maandazi.

Kwa hiyo usidanganyike na neno "asili". Swali la kwanza liwe: je, hiki kinaweza kuziba koo? Swali la pili: baada ya siku tatu kitakuwa wapi? Kitu kikishindwa swali la kwanza, hata kama kimeota shambani kwako, kiache.

WATU WATASEMA NINI?

Ninapozungumza na akina mama nyumba kwa nyumba, hakuna anayebisha habari ya koo wala ya mtaro. Wanachosema ni hiki: "Binti yangu, watu watasema sisi ni maskini."

Hofu hiyo naielewa. Lakini fikiri pia juu ya mama aliyealikwa mara tatu, mtoto wake akarudi na mifuko mitatu, na sasa siku ya mtoto wake inakaribia na yeye hana kitu. Namfahamu mama aliyemfungia mtoto ndani asiende sherehe ya jirani, si kwa ubaya, bali kwa sababu alijua hataweza kurudisha. Mfuko ulioletwa kufurahisha watoto ukawa sababu ya mtoto kulia nyuma ya mlango.

Jambo hili halimalizwi na mtu mmoja. Kaeni akina mama wa mtaa mmoja au wa bloku moja, hata watano tu, mkubaliane: kwetu hatutoi mifuko. Mkishakubaliana, hakuna atakayeonekana amepungukiwa. Akina baba nao waambiwe, kwa sababu mara nyingi ndio wanaopita sokoni na kununua bila kuuliza. Na ukiwa mwenyeji, sema wazi mbele ya wageni: "Leo tumeondoa baluni na plastiki kwa ajili ya wadogo." Nimelisema neno hilo mara kadhaa, na hakuna aliyenicheka. Wengine waliniuliza mpira unashonwaje.

Kuna pia zawadi moja isiyo na gharama ambayo mzazi anaweza kumpa mtoto wake mwenyewe. Siku hiyo fungua kadi yake ya kliniki. Je, chanjo zimekamilika? Vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6, tangu mtoto akiwa na miezi 6 hadi atimize miaka 5. Je, ameipata? Ukikuta pengo, kesho yake nenda kituo cha afya.

MTOTO AKIKABWA, FANYA HIVI

Kata sehemu hii ya jarida uibandike ukutani.

1. Kama mtoto anakohoa kwa nguvu au analia, hewa inapita. Mwache akohoe, kaa naye. Usimpe maji. Usimtie kidole mdomoni bila kuona kitu, kwa sababu utakisukuma ndani zaidi.

2. Kama hawezi kukohoa, kulia wala kupumua, ita msaada na uanze mara moja.

3. Mtoto wa chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, ukishika taya lake. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Kisha mgeuze, umsukume kifuani mara 5, katikati, chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia. Usimminye tumbo.

4. Mtoto wa mwaka 1 na zaidi: mwinamishe mbele, umpige mgongoni mara 5. Kama kitu hakijatoka, simama au piga magoti nyuma yake, weka ngumi juu kidogo ya kitovu, ishike kwa mkono wa pili, vuta ndani na juu mara 5. Rudia.

5. Akizimia, mlaze chini mahali pagumu. Anayejua kumsukuma kifua na kumpulizia pumzi aanze, na mwingine atafute usafiri wa kwenda kituo cha afya.

6. Hata kitu kikitoka, mpeleke mtoto akaangaliwe, hasa kama uliminya tumbo au kama bado anakohoa.

Ukitaka kufundishwa kwa vitendo, mwambie mhudumu wa afya anayetembelea eneo lenu. Kusoma kwenye karatasi ni vizuri, lakini mikono ikishajifunza haisahau.

Ndugu msomaji, yule mtoto wa miezi 14 alikuja sherehe ya mwaka 2024 akitembea mwenyewe. Alikula andazi mbili, akaondoka na mpira wa matambara akiwa ameukumbatia. Mama yake alinishika mkono mlangoni, hakusema neno. Mvua iliponyesha wiki hiyo nilikwenda kuutazama mtaro ule wa bombani. Ulikuwa na takataka nyingine, kazi bado ipo, lakini hapakuwa na kitu chochote kilichotoka nyumbani kwetu.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Nakutakia wewe na watoto wako afya njema, na siku yao ikifika, sherehekeeni kwa amani.